Faili Moja la Marehemu Wote

Kompyuta ya Mama Gillian ilifariki siku ya Ijumaa, saa nne na dakika kumi asubuhi, nyumbani kwake Ukunda, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Ilikuwa imezungukwa na familia na wateja. Lakini msiba wenyewe ulianza jana yake, Alhamisi, mashine ikiwa bado inapumua na mume wa mwenyewe akiwa bado anaamini kwamba inatosha.

Ilikuwa mashine nzito, rangi ya maziwa yaliyoungua, yenye kioo cha herufi za kijani. Nereah, yaani huyo Mama Gillian, alipewa mashine hiyo na hoteli moja ya Diani alikokuwa karani wa mapokezi, mwaka ule wa tisini na saba wageni walipotoweka pwani na hoteli ikafunga milango. Meneja alimwambia kwamba pesa za kumlipa hana, ila ana kompyuta. Nereah alikwenda na mkoba wa kutilia hundi, akarudi na mkokoteni. Tangu hapo miaka miwili ilikuwa imepita. Mashine ilikaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, feni ikiipepea kama mfalme, na haikuwaka mpaka ipigwe kofi upande wa kulia. Disketi zake, zile pana na laini, zilihifadhiwa ndani ya bati la biskuti pamoja na vipande vya makaa, ili unyevu wa bahari usizioteshe ukungu.

Kazi iliyowalisha ilikuwa programu za mazishi, zile karatasi zenye ratiba na habari za marehemu. Kwa kazi hiyo Nereah alikuwa na faili moja tu, na jina lake lilikuwa MAZISHI. Mteja akija, alilifungua, akamtoa marehemu aliyetangulia, akamtia mpya mahali pake, akachapa, akahifadhi. Watu arobaini na mmoja, kutoka Lunga Lunga mpaka Mkongani, walikuwa wamepumzishwa humo, mmoja juu ya mwingine. Hakuna aliyewahi kulalamika, na wale wenye haki zaidi ya kulalamika hawakuwa na njia.

Alhamisi hiyo saa nane mchana aliingia kijana mwenye matope mekundu kwenye viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

"Naitwa Munee. Nimetoka Shimba Hills, kule kwenye skimu ya mashamba. Baba yangu ametuacha, Mzee Muange. Tunazika Jumamosi. Nataka nakala mia mbili, na leo jioni kuna maombi, kwa hivyo nirudi nazo."

"Leo leo?"

"Leo leo, mama."

Nereah alimpa pole, akachukua karatasi aliyokuja nayo. Ilikuwa na jina, tarehe mbili na namba ya wimbo.

"Na habari za maisha yake?"

"Habari zipi?"

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Munee alikuna kichwa. "Alikuwa mkulima. Weka tu yale mnayoweka."

"Yale ya kawaida?"

"Ndiyo. Yale mazuri."

Basi Nereah akafungua MAZISHI, akaanza kumhamisha Mwalimu Chengo, aliyezikwa wiki mbili kabla. Mashine iliganda mara ya kwanza kwenye tarehe ya kuzaliwa, na mara ya pili kwenye orodha ya watoto. Mumewe, Elkanah, ambaye siku hizo hoteli nyingine ilikuwa ikimwita kufua nguo siku tatu tu kwa wiki, alitoa kichwa chumbani.

"Imeganda tena?"

"Imeganda. Baba Gillian, hii mashine imezeeka. Austine ana nyingine pale dukani kwake."

"Hii bado nzima," akasema Elkanah. Aliisema sentensi hiyo kila mwezi, kwa sauti ya daktari anayejipima mwenyewe. Pesa za kompyuta alikuwa nazo. Zilikuwa kwenye bahasha ndani ya viatu vyake vya Jumapili, lakini zilikuwa na jina tayari: mabati ya nyumba aliyokuwa akiijenga kwao, huko Siaya. Mwanaume wa Kijaluo asiye na nyumba kwao hana mahali pa kurudishwa, alisema, na hilo kila mwanamke aliyeandika programu arobaini na moja za mazishi alipaswa kulielewa.

Mashine ikazinduka saa kumi na nusu. Duka la kutoa nakala lingefungwa saa kumi na moja. Nereah alichapa bila kusoma tena, akakimbilia dukani, akamkabidhi Munee karatasi mia mbili zikiwa bado na joto, akarudi kukaa, akaona siku imekwenda vizuri.

*

Ijumaa asubuhi walikuja watatu. Munee alikuwa wa kwanza, lakini safari hii hakusema shikamoo, alisogea pembeni. Nyuma yake aliingia mama mrefu aliyejifunga leso nyeusi kichwani, na nyuma ya mama huyo, mzee wa kofia ya pama.

"Mimi ni Kamene," akasema yule mama. "Mke wa Muange. Huyu ni ndugu yangu, Muasya. Nimekuja kuuliza neno moja."

"Karibuni viti, poleni na—"

"Mbeyu ni nani?"

Aliweka programu mezani. Kidole chake kilikuwa kimesimama chini ya mstari: *Ameacha mke wake mpendwa Mbeyu, aliyesimama naye katika dhiki na faraja.*

Gillian, aliyekuwa kwenye kochi akijifanya anasoma kitabu cha kemia, alifunga kitabu. Likizo ya Agosti ilikuwa imekuwa kame mpaka dakika hiyo.

"Mama, hiyo…" Nereah alihisi masikio yakiwaka. "Hiyo ni mashine."

"Mbeyu ni mashine?"

"La, namaanisha—"

"Shamba ni ekari kumi na mbili," akasema Mzee Muasya, akizungusha kofia magotini. "Sasa tunasikia kuna Mbeyu. Nauliza tu: huyo Mbeyu ana watoto wangapi? Maana ndugu za Muange tangu jana wanauliza hilo hilo, na hawaulizi kwa mzaha."

"Miaka thelathini na minane nimekaa na yule mtu," akasema Kamene. Hakupaza sauti. "Jana kwenye maombi watu walisoma kabla yangu. Nimeingia jikoni kwangu, wanawake wakanyamaza. Jikoni kwangu mimi. Sasa nisikilize, mama. Kesho saa tano tunazika. Mimi sisimami kando ya kaburi la mtu nisiyejua alikuwa mume wa nani."

Nereah alijua Mbeyu ni nani. Alikuwa mjane wa Mwalimu Chengo, mama mpole wa Msambweni ambaye wakati huo huenda alikuwa akianua nguo zake bila habari kwamba ameolewa tena na maiti. Kulithibitisha kulikuwa rahisi. Angefungua faili na kuwaonyesha mistari ya Mwalimu iliyobakia chini ya mistari ya Mzee.

"Ngojeni niwaonyeshe," akasema. Akaondoa kitambaa, akabonyeza, akapiga kofi upande wa kulia.

Mashine ilikohoa. Kioo kikawaka kijani chote, kikanywea mpaka kikawa mstari, mstari ukawa nukta. Nukta ilikaa katikati kidogo, kama inayotafuta la kusema, kisha ikazimika. Harufu ya mpira ulioungua ikajaa sebuleni. Elkanah alitoka chumbani mbio, akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka. Akapiga kofi la kulia. Akapiga na la kushoto, ambalo halikuwahi kujaribiwa.

"Bado n…" akaanza, akaacha.

"Basi na ushahidi umekufa," akasema Kamene.

Hapo Nereah angeweza kulilia mashine na pengine wangemhurumia. Alitazama kile kidole ambacho bado kilikuwa juu ya karatasi.

"Mama Kamene, nimesema ni mashine. Nimesema uongo. Kosa ni langu. Mimi siandiki watu wapya. Namchukua aliyekufa jana nambadilisha jina anakuwa wa leo. Mbeyu ni mjane wa Mwalimu Chengo wa Msambweni, niliyemwandika kabla ya mzee wako. Nilisahau kumtoa."

Mzee Muasya aliacha kuzungusha kofia.

"Maneno hayo hata mimi ningeweza kuyatunga nikibanwa," akasema. "Nionyeshe hicho cha Mwalimu."

"Sina nakala. Sihifadhi. Kila mmoja anamfuta aliyemtangulia."

"Mimi ninazo," akasema Gillian.

Wote waligeuka. Gillian alikuwa ameshaingia chumbani kwake, na alirudi na bahasha kutoka ndani ya sanduku lake la shule. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita ambaye walimu walimwandikia kwenye ripoti kwamba ana kipaji kinachohitaji kusimamiwa.

"Ziko tisa. Ya Mwalimu Chengo hii hapa juu."

"Ulizichukua za nini?" akauliza Nereah.

"Za kusoma."

"Kusomea wapi?"

Gillian aliangalia dari. "Bwenini. Usiku wa Jumamosi huwa nawasomea wenzangu. Kwa sauti ya mchungaji. Wanalia, Mama, kweli wanalia. Halafu tunaimba."

Mzee Muasya alikohoa kikohozi kirefu ndani ya kofia yake. Elkanah akaketi.

Munee aliombwa asome. Akasoma ya Mwalimu Chengo: *Ameacha mke wake mpendwa Mbeyu, aliyesimama naye katika dhiki na faraja.* Kamene alifumba macho, akashusha pumzi ambayo huenda aliishika tangu jana jioni.

"Endelea," akasema. "Juu yake kuna nini?"

"*Alikuwa mpole, mcheshi na mpenda watu.*"

"Na hiyo nyingine?"

Munee akafunua ya dereva mmoja wa Lunga Lunga. "*Alikuwa mpole, mcheshi na mpenda watu.*" Akafunua ya tatu, ya mama muuza samaki. Akasoma kwa sauti ya chini zaidi. Ya nne hakuisoma.

"Na ya baba yako?"

"Ni hayo hayo, Mama."

"Mpole?" Kamene alifungua macho, akamtazama Nereah moja kwa moja. "Nani alikwambia Muange alikuwa mpole? Muange! Yule mtu aligombana na ndovu!"

"Na ndovu?"

"Wakitoka msituni kuja kwenye michungwa yake, wenzake wanapiga madebe wakiwa mbali. Yeye anatoka na sufuria yangu, anawasogelea, anawatukana mmoja mmoja kwa jina. Aliwapa majina. Yule mlafi kuliko wote alimwita…" Akasita, akamtazama ndugu yake.

"Sema tu," akasema Mzee Muasya. "Skimu nzima inajua."

"Alimwita Muasya."

Gillian aliuma jalada la kemia. Kamene alicheka sauti moja, fupi, kisha ncha ya leso ikaenda machoni. Alipoishusha, sauti yake ilikuwa imenyooka.

"Mimi sitaki pesa zangu. Nataka uandike mume wangu. Huyo uliyemwandika hapa simjui."

"Nitamwandika," akasema Nereah. "Leo hii."

"Kwa mashine gani?" akauliza Munee, bila ubaya.

Nereah aligeuza shingo kwa mumewe.

"Baba Gillian."

"Mabati, Mama Gillian."

"Mabati yatangoja. Huyu mzee anazikwa kesho saa tano."

Elkanah aliwatazama wageni, akaitazama maiti ya kompyuta, akatazama dari la nyumba ya kupanga kama anayeagana na paa lingine la mbali. Kisha akaingia chumbani, wakasikia kiatu kikianguka.

*

Duka la Austine lilikuwa njia panda ya Diani, kati ya kinyozi na muuza magodoro. Austine alikuwa kijana wa kutoka bara, mwenye kalamu nne mfukoni.

"Madam, hii hapa ni mashine. Ina rangi, ina kipanya, ina kila kitu. Elfu ishirini na nane, na ni kwa sababu ni wewe."

Nereah alifungua bati la biskuti, akapangusa vumbi la makaa, akamnyooshea disketi moja. "Itazisoma hizi?"

Austine aliishika kwa ncha za vidole, akamwita kinyozi aje aone. Kinyozi akaja, na mteja wake akaja na nusu ya kichwa. "Madam! Hizi bado ziko duniani? Tundu lake halipo tena. Hizi tundika ukutani, ziwe pambo."

Walicheka wote watatu. Ndani ya disketi ile kulikuwa na MAZISHI, sentensi zote ambazo ziliwahi kumlipia karo na unga. Nereah aliirudisha kwenye makaa, akafunika bati.

"Nimekusikia. Sasa tuzungumze bei, maana pambo silinunui. Ishirini na mbili, na wewe mwenyewe unakuja kuifunga na kuiunganisha na printa yangu, na unaongeza disketi ndogo kumi."

"Madam, utaniua."

"Ukifa nitakuandika vizuri. Muulize huyu mama."

Kamene, mwenye leso nyeusi, alimtazama Austine bila kupepesa. Austine alitazama ile leso, akaanza kutafuta disketi.

Waliirudisha nyumbani kwa mkokoteni, imefunikwa shuka jeupe kwa sababu ya vumbi. Elkanah alisukuma. Nyuma walifuata mjane, kijana wake, mzee mwenye kofia kifuani kwa ajili ya joto, na Nereah na binti yake. Wanaume waliokaa nje ya hoteli ya chai walisimama. Mwendesha baiskeli mmoja alishuka, akainamisha kichwa mpaka wakapita.

"Alikuwa mtoto?" akamnong'oneza Gillian.

"Alikuwa mpole na mcheshi," akajibu Gillian kwa huzuni kubwa.

*

Saa nane kasorobo Austine alimaliza, akaondoka. Kioo kilikuwa cheupe. Kwa miaka miwili Nereah hakuwahi kuona ukurasa usio na mtu. Hapakuwa na wa kumhamisha, hapakuwa na mstari wa kuegemea, na kile kimshale cha kipanya kilikuwa kikimkimbia kama mende. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mikono yake iliogopa.

Akaiondoa kwenye mashine. Akachukua kalamu na daftari, akageuza kiti akakaa uso kwa uso na Kamene.

"Mama, nianzie wapi?"

"Anzia kwenye sufuria," akasema Kamene.

Wakaanzia kwenye sufuria. Kutoka hapo wakaenda kwenye michungwa mia moja na saba ambayo Muange aliipanda kwa kamba ili inyooke mstari, akaing'oa safu nzima kwa sababu ilipinda. Wakafika kwenye redio aliyoizima kila mtu alipotaka kuisikiliza, na kwenye siku Kamene alipolazwa Msambweni akijifungua Munee, Muange akatembea kutoka Shimba Hills amebeba uji ndani ya chupa ya chai, akafika uji umeganda, akaukoroga kwa kijiti akauleta hivyo hivyo. Munee alikuwa hajawahi kulisikia hilo. Aliondoka akasimama nje kidogo.

Halafu Nereah akageukia mashine, na maneno yakashuka yenyewe. Alipomaliza aliyasoma kwa sauti, yote, mwanzo mpaka mwisho. Mzee Muasya alirekebisha idadi ya michungwa. Chini kabisa Nereah aliongeza: *Jina la Mbeyu katika karatasi ya Alhamisi ni la mjane wa Mwalimu Chengo wa Msambweni. Kosa ni la mwandishi, na mwandishi ni mimi, Nereah.*

"Hilo si lazima," akasema Kamene.

"Ni lazima. Na kwa Mama Mbeyu nitakwenda mwenyewe, Jumatatu."

Mashine iliuliza jina la faili. Vidole vyake vilikuwa vimeshaandika M, A, Z. Akafuta. Akaandika MUANGE. Akahifadhi humo ndani, akahifadhi tena kwenye disketi mbili, moja ikae kwake na moja aipeleke kanisani ikahifadhiwe. Gillian alitumwa mbio na karatasi ya kwanza kwa Mzee Chirau wa duka la nakala, ambaye alikuwa ametoka swala ya Ijumaa na kufungua mlango, na ambaye aliisoma akiwa amesimama, akacheka, akasema "Mungu amrehemu, huyu ningependa kumjua," ndipo akawasha mashine yake.

*

Jumamosi saa tano, kwenye udongo mwekundu wa Shimba Hills, Munee alisoma. Alipofika kwa ndovu aitwaye Muasya, waombolezaji walitazamana kutafuta ruhusa. Mzee Muasya alisimama, akavua kofia, akainama kwa heshima kama anayepokea nishani. Kicheko kilichotoka pale kiliwafanya ndege waruke kutoka kwenye michungwa. Kwenye ule uji ulioganda hakuna aliyecheka. Ndugu za marehemu walisoma mstari wa chini kabisa, wakakunja karatasi, na habari ya ekari haikusikika tena.

Kamene alikuwa amesimama kando ya kaburi tangu mwanzo, mbele kabisa, mikono yake ikiwa imeshika sufuria.

*

Jumapili mchana Elkanah alitoka kanisani, akamkuta mkewe mbele ya kioo. Mashine ya zamani ilikuwa imehamishiwa kwenye veranda, ikishikilia mlango usijifunge. Kwenye mashine mpya kulikuwa na safu ya mafaili, kila moja na jina la mtu: marehemu wawili wapya, ambao jamaa zao walikuja na majirani kushuhudia, MUANGE, na la mwisho. Akainama kulisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mama Gillian. Hili linasema ELKANAH."

"Ndiyo."

"Mimi niko hai."

"Ndiyo maana nimeanza sasa. Ukishakufa nitamuuliza nani? Kaa hapo."

Gillian alivuta kochi karibu. Elkanah alitafuta mlango, akaona umeshikiliwa wazi na kile kitu alichokitetea miaka miwili, na hata hivyo hakutoka. Akaketi. Akanyoosha tai yake, akakohoa.

"Andika," akasema. "Alikuwa mpole, mcheshi na—"

"Hiyo ilibaki kwenye ile nyingine," akasema Nereah, vidole vikingoja. "Anza upya."

Elkanah aliitazama mashine ya veranda, upepo wa bahari ukiupigisha mlango ubavuni mwake, kofi baada ya kofi, upande wa kulia.

"Basi andika kwamba miaka miwili nilisema bado nzima," akasema. "Na siku ulipotaka pesa za mabati, nilikung'uta kiatu."

Nereah akaandika.